Hatukuja na televisheni

Ndugu Mhariri,

Wiki tatu zilizopita gazeti lako lilichapa barua ya msomaji mmoja wa Arusha. Aliandika kwamba habari za wanaume kupendana na wanaume, na wanawake na wanawake, zamani hazikuwepo. Zimeingia na televisheni, na sasa simu za mkononi zinamalizia kazi. Niliisoma nikiwa kazini, mguu juu ya pedali, nikaacha kushona. Usiku nikaisoma tena. Naomba nafasi nimjibu, na nitamjibu kwa yale niliyoyaona kwa macho yangu, maana mimi si msomi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini. Nimezaliwa 1957. Televisheni huku Bara imeanza 1994. Mwaka huo nilikuwa na miaka 37, na mimi na mwenzangu tulikuwa tumeshakaa pamoja miaka 17. Tulikuwa na redio ya betri, tukisikiliza taarifa ya habari na salamu za wagonjwa. Mtambo mwingine nyumbani hatukuwa nao.

Jina langu na namba yangu nimeviandika kwenye karatasi ya pembeni. Naomba usivichape. Kifungu cha 154 cha Kanuni za Adhabu kinataja kifungo kisichopungua miaka 30, na kinaweza kufika maisha. Mtu wa miaka 67 akisikia 30 anajua maana yake. Ya chumbani sitayaeleza, kama ambavyo wewe Mhariri hujawahi kuombwa ueleze yako. Na kwa kuwa tunazungumzia vilivyoletwa, kifungu hicho tulikirithi kwa Mwingereza. Yeye kwake alianza kukilegeza 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Sisi tulibaki nacho, na 1998 tukakiongezea makali. Msumbiji, hapo ng'ambo ya Ruvuma, walikuwa na cha kwao walichoachiwa na Mreno, wakakiondoa 2015.

Lakini sikukaa chini kuandika habari za sheria. Nataka kumwambia ndugu wa Arusha habari za watu.

Aliyenifundisha kushona tulimwita Babu. Nilipelekwa kwake 1972 baada ya darasa la saba, kwa sababu baba hakuwa na ada ya sekondari. Mwaka wake wa kuzaliwa Babu hakuujua. Alikuwa akisema KNCU, chama chetu cha ushirika wa kahawa, ilipoanza, 1933, yeye tayari alikuwa anachunga mbuzi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alichukuliwa na KAR, jeshi la Mwingereza la huku kwetu, akafika Burma, na huko ndiko alikojulia sindano, akishona viraka vya sare za wenzake. Alirudi na koti la jeshi na ufundi. Alianza kwa kushonea kwenye baraza la duka la Mhindi, baadaye akanunua Singer yake mwenyewe, ya miguu, ile ninayoitumia mpaka leo.

Babu aliishi Kiusa na mpishi mmoja kutoka Uru. Mpishi huyo alikuwa amefanya kazi kwa Mzungu wa shamba la kahawa, na baada ya Uhuru akapata kazi ya jikoni hotelini. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili. Kimoja kililala cherehani na vitambaa, kingine walilala wao. Majirani walijua. Sisemi kwamba waliitisha kikao wakatamka kuwa wanajua, lakini walijua. Kulikuwa na mama mmoja jirani, akipika mtori siku ya Jumapili humtuma mtoto: "Peleka kwa wale babu." Sahani moja, vijiko viwili. Sahani hiyo nimeipokea mlangoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na vijiko vilikuwa viwili siku zote.

Sitaki nimpambe, eti zamani ilikuwa peponi. Babu alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume, na kwetu mtoto wa kwanza hukatiwa kihamba, yaani shamba la ukoo, akioa. Hakuoa. Kihamba kilikwenda kwa mdogo wake, na baba yao alitamka mbele ya ukoo kwamba mtu asiye na mke hana mji. Kwa zaidi ya miaka 20 Babu hakupanda kwao hata Krismasi. Vijana wa mtaani nao walikuwa na jina lao la kumwita, sitaliandika hapa. Mara moja, kabla sijaja kwake, alipigwa akitoka kilabuni, jino moja likang'oka. Alinionyesha pengo lenyewe, hakunitajia aliyempiga.

Mwaka 1979 yule mdogo wake aliugua, akamtuma mwanawe mjini na jani la isale. Kwa msomaji asiye wa huku, isale ni mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya kihamba, na jani lake ndilo la kuombea msamaha. Isale halikataliwi. Ukilipokea umesamehe, hata kama koo limekukaba. Nilikuwepo kijana alipoingia, kiatu kimejaa vumbi, ameshika jani kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Babu alisimama. Alilipokea, akaliweka kwenye kopo la Kimbo lenye maji juu ya meza ya cherehani, akarudi kushona bila kusema neno. Lilikaa pale mpaka likawa njano lote. Jumamosi iliyofuata alipanda mlimani, na yule mpishi alikwenda naye.

Mpishi alifariki 1983. Wenye umri wangu mnaukumbuka mwaka huo, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Nguo zilikuwa adimu kuliko nyama, na mtu akikutwa na jora la kitambaa ndani alikuwa na maelezo ya kutoa. Babu aliingia uvunguni akatoa yadi tano za kitambaa cheupe alizokuwa amezificha muda mrefu. Nilidhani anaziuza. Akaanza kukata bitana ya jeneza. Alishona usiku kucha, mimi nikimshikia koroboi. Alipofika kwenye pindo aliacha mashine akashika sindano, akapinda kwa mkono, mishono midogo midogo, kama anamshonea mtu atakayekwenda nayo kanisani Jumapili. Nilimwambia, "Babu, hayo hayataonekana." Akaniambia, "Shika taa vizuri."

Siku za matanga alikalishwa mbele, kwenye kiti cha mfiwa. Ndugu wa marehemu waliotoka Uru walimkuta ameshakalishwa pale na majirani, na hawakumtoa. Yule mama wa mtori alimshika mkono akasema: "Pole Babu. Pole kwa msiba wako." Mimi nilikuwa na miaka 26, nimesimama mlangoni na birika la chai, nikalisikia hilo neno "wako". Nilikuwa na sababu zangu za kulisikia.

Kwa sababu mimi nilikuwa na wangu tangu 1977.

Alikuwa Mpare wa milimani, mfanyakazi wa reli. Alikuwa kazini Nairobi mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, wafanyakazi wakarudishwa kila mmoja kwao, yeye akapangiwa stesheni ya Moshi. Alikuja na sare mbili akitaka tufumue beji za reli ya zamani. Nilizifumua mimi. Uzi ulikuwa mgumu na kitambaa kilikuwa kimebaki na alama, pale beji ilipokuwa pana rangi ya samawati iliyokoza, kwingine jua limeshaipausha. Alizirudisha mara mbili akisema alama bado inaonekana. Mara ya tatu alikuja bila sare.

Tuliishi kwa utani, Mhariri. Wachagga na Wapare ni watani, kila mtu wa mkoa huu anajua. Alikuwa akisema Mchagga akianguka, dondosha shilingi, asipoamka kazike. Mimi nikimwambia Mpare atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Watu wakituona sokoni tunabishana juu ya bei ya dagaa wanasema, "Watani hao." Tukaonekana tunakaa nyumba moja, "Watani hao, wanapunguza kodi." Neno hilo lilitubeba miaka 19. Tulicheka nalo na tukajificha ndani yake, na sikujua kwamba siku moja litageuka kuwa ndilo jina pekee nililo nalo kwake.

Mwaka 1996 aliugua ugonjwa ambao wakati ule hapa nchini haukuwa na dawa. Za bure zilikuja kuanza kutolewa 2004. Nimehesabu hiyo miaka minane mara nyingi kitandani. Nilimuuguza hospitalini wiki saba. Asubuhi nilipeleka uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, nikaenda kushona, jioni nikarudi na ndizi zilizopondwa. Siku ya kwanza muuguzi aliyekuwa zamu aliniuliza, kalamu mkononi, "Wewe ni nani wake?" Nilitazama kile kitabu. Kulikuwa na mke, mume, baba, mama, ndugu. Nikasema, "Mtani wake." Akacheka, akaandika rafiki. Siku aliyozidiwa daktari alitaka kuzungumza na ndugu. Nilitolewa nje ya pazia, wakaitwa watu waliokuwa wamefika jana yake kwa basi, waliokuwa hawajui kwamba dawa chungu alikuwa anainywa kwa kijiko cha asali, ndipo inashuka.

Tulimpeleka kwao milimani kwa pikapu. Nilikaa nyuma, nimeshika ubavu wa jeneza kwenye kona. Makaburini wakaanza kuita watu wa kuweka mashada, kama desturi ilivyo: wazazi, kaka na dada, wajomba, shangazi, wafanyakazi wenzake wa reli, kwaya, majirani. Nilikuwa nasubiri bila kujua nasubiri kundi gani. Mwisho mshereheshaji akasema, "Na mtani wake wa Kichagga yupo hapa, aje aweke shada, na amuage kiutani." Watu wakatulia. Wakanigeukia wakiwa tayari kucheka, maana mtani msibani ana kazi yake.

Nilisogea. Nikasema, "Mpare, kesi hii umenishinda."

Wakacheka, tena kwa furaha, na shangazi yake mmoja akapiga makofi. Niliweka shada nikarudi nyuma ya wale wa reli.

Sijawahi kupewa pole ya kifo chake. Ni miaka 28. Baada ya arobaini kaka yake alikuja Moshi na gari, akapakia kitanda, kabati, baiskeli na redio. Hakuwa mtu mbaya, aliniachia birika na sufuria mbili akidhani ananifanyia hisani. Sikuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha kwamba kabati tulilichangia nusu kwa nusu, ujira wangu wa kushona sare za shule na mshahara wake.

Nilibaki na picha moja tuliyopiga studio 1981, tumesimama mbele ya pazia lililochorwa Mlima Kilimanjaro, ingawa mlima wenyewe ukitoka nje ya mlango ulikuwa unauona. Mwaka 2018, Oktoba, kiongozi mmoja wa Dar es Salaam alipotangaza kwamba wananchi wapeleke majina ya watu wa aina yetu, nilifunga duka saa tisa. Nilitoa koti langu la suti, nikafumua bitana upande wa kushoto chini ya mfuko, nikaiweka picha ndani ya nailoni nikashonea. Wizara ya Mambo ya Nje ilikuja kusema kwamba yale yalikuwa mawazo ya kiongozi huyo, si msimamo wa serikali. Mimi nilikuwa nimeshashona na sijaifumua. Nikivaa koti hilo kwenda ibadani nasikia nailoni inaparuza nikiinuka kuimba. Naimba besi. Majoho ya kwaya yetu nimeyashona mimi, na mama mchungaji alinishukuru mbele ya usharika.

Nimwambie pia ndugu wa Arusha kwamba katika barua yake yote amewazungumzia wanaume, wanawake kawapa nusu sentensi. Kuna dada mmoja anauza viatu vya mtumba Kiboroloni. Yuko karibu miaka 50. Alipokuwa na 19 mbege ya mahari yake ilikuwa imeshanywewa na mbuzi wameshahesabiwa, akatoroka usiku akapanda lori la ndizi mpaka Dar. Kwa baba yake kulikuwa na kikao cha kurudisha mbuzi, na mmoja alikuwa ameshachinjwa, ikabidi atafutwe mwingine. Huyo dada amekaa na mwenzake mwaka wa 14 huu. Wanasema wao ni ndugu. Aliponisikia naandika barua hii alisema, "Kaka, waambie na sisi tupo, na tunalipa ushuru wa soko kila siku." Nimewaambia.

Sasa nifike kwa kijana, maana ndiye aliyenifanya nichukue kalamu.

Amezaliwa 2001. Suti yake ya kipaimara niliishona mimi 2015, na kwenye daftari langu la vipimo bado iko: bega 14, kifua 30, urefu wa suruali 36. Mtoto mwembamba, mpole, aliyesimama wima wakati wa kupimwa bila kujikuna. Mama yake ni mteja wangu wa miaka mingi. Aprili 2021, akiwa chuo mwaka wa pili, amerudi nyumbani likizo, baba yake alichukua simu yake akasoma ujumbe. Ilikuwa masika. Alitolewa na begi la mgongoni tu, mvua inanyesha, na baba akamwambia asimpitie hata msibani. Alilala stendi usiku wa kwanza na wa pili. Usiku wa tatu yule dada wa Kiboroloni, aliyekuwa anasubiri mzigo wa basi la alfajiri, alimwona amekaa kwenye benchi, soksi amezianika kwenye begi.

Alimchukua. Mimi sikumpa malazi, na naomba nilieleze hilo kwa uwazi, maana najua kuna watakaosoma hapa wakitafuta la kusema. Mzee kama mimi kukaa nyumba moja na kijana aliyefukuzwa, mtaa mzima ungepanga hadithi yake, na ingemwangukia yeye. Alilala kwa wale dada, mchana akaja dukani kujifunza mashine, mlango wazi, wateja wanaingia na kutoka. Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa nikimwona anashona na machozi yanadondokea kitambaa, nikampa kaniki, kwa sababu kaniki haishiki alama. Hivyo ndivyo nilivyojua kumsaidia. Chuo hakurudi, ada ilikuwa ya baba. Mwaka 2022 nilimtafutia nafasi kwa fundi ninayemfahamu Arusha, karibu na soko la Kilombero. Yuko huko. Anashona mashati vizuri kuliko mimi, kola zake zinalala.

Simu hiyo ambayo ndugu wa Arusha anasema ndiyo iliyomfundisha, ndiyo iliyomtoa nyumbani kwao. Kijana huyu aliniambia alijijua akiwa darasa la tano, kwao umeme ulikuwa haujafika. Mimi nilijijua katika umri huohuo, Moshi ya 1968. Babu alijijua anachunga mbuzi. Watu watatu tuliopishana miaka zaidi ya 30 kila mmoja, kwenye mteremko mmoja wa mlima mmoja, tunakunywa maji ya mifereji ileile, na hakuna aliyemfundisha mwenzake isipokuwa kushona.

Kinachoniuma ni kwamba tunarudi nyuma. Babu, pamoja na jino lake na kihamba chake, alikuwa na ile sahani yenye vijiko viwili, na alipofiwa alipewa pole. Mimi nilikuwa na utani wa kujifunika. Huyu kijana hana neno hata moja la kujifichia. Mwaka jana mwenye nyumba aliyempangisha Arusha alimuuliza kwa nini haleti mwanamke. Wiki hiyohiyo akahama, godoro kichwani. Wiki tatu zilizopita alinipigia simu akaniuliza kama nimesoma barua ya gazeti. Amenitumia hata picha yake, amezungushia duara neno zamani. Akasema, "Mzee, we si ulikuwepo hiyo zamani? Mbona husemi?"

Ndiyo nasema, Mhariri. Na ombi langu kwako ni hilo tu: mtu akikuletea barua inayosema zamani watu hawa hawakuwepo, muulize alikuwa wapi. Wapo wazee katika mji huu na katika Arusha, waume kwa wake, wanaokumbuka nani aliishi na nani, nani alipelekewa chakula na nani. Wakiulizwa kwa heshima watasema. Wakifa, habari hizo zinazikwa nao, na kijana kama huyu ataambiwa kwamba ametoka hewani.

Nilitaka niishie hapo, ila limetokea jambo ambalo halijanitoka moyoni.

Mwezi uliopita mama yake yule kijana aliingia dukani. Tangu 2021 amekuwa akija, anashona vitenge vyake, tunazungumza habari za mvua na za kwaya, mtoto hatajwi. Safari hii alikuja na kitambaa cha shati, kizuri, cha bei. Akakiweka juu ya meza. Duka lilikuwa limejaa, ninyi mnajua Desemba ikikaribia Moshi inavyokuwa, Wachagga wote wako njiani kurudi. Akasubiri watu wapungue.

Akasema, "Fundi, naomba unishonee shati la mwanangu. La Krismasi."

Nikamuuliza vipimo.

Akasema, "Si unavyo? Vile vya kipaimara. Ongeza kwa kukadiria." Halafu akainamisha macho kwenye kitambaa, anakilainisha kwa kiganja, akasema polepole, "Au kama unavyo vipya. Sikuulizi umevipata wapi."

Nilifungua daftari, ukurasa wa Oktoba, kijana alipokuja kuchukua vifungo. Bega 18. Kifua 38. Kola 15 na nusu. Niligeuza daftari limwelekee. Hakuligusa. Alisoma akiwa amesimama, midomo inacheza kama mtu anayesoma sala, akarudia kusoma ile namba ya bega.

"Amepanuka," akasema.

"Anakula, mama. Anapika mwenyewe."

Alikuja kuchukua shati Jumatano iliyopita. Alilitandaza juu ya meza, akapima bega kwa shibiri yake, akanusa kitambaa, akakunja tena. Kisha akanirudishia, na noti ya elfu kumi juu yake ya nauli ya Arusha. Nilimwambia kuna gazeti nataka kuliandikia, na kwamba sehemu hii inamhusu. Asipopenda naiondoa yote. Nikamsomea tangu pale alipoingia dukani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema iende, ila nitoe rangi ya kitambaa, kwa sababu baba wa kijana husoma gazeti hili kila siku, na shati hilo huenda siku moja likavaliwa nyumbani.

Nimeitoa.

Fundi cherehani,
Moshi.
(Jina na anwani kwa Mhariri tu.)